Kifungu Kilichoziba Mlango wa Majlisi

Mpwa wangu ameajiriwa juzijuzi katika ofisi ile ile niliyostaafu mimi, ofisi inayotunga amri za mji wa Maskati. Ijumaa iliyopita alikuja kunisalimia, akaniuliza kwa adabu zote, kama anayeuliza masuala ya dini, eti mji hubadilishaje sheria zake. Nilicheka mpaka kahawa ikanimwagikia kangani. Kisha nikaona haya, maana mtoto aliuliza kwa nia njema. Basi namwandikia yeye, na nyinyi wenzake wote mnaoanza kazi hii mkiwa na kompyuta za mapajani na mafuta ya udi shingoni.

Huko semina watakuonyesheni mchoro. Una visanduku na mishale: pendekezo linatoka hapa, linakwenda kwa wanasheria, linapita kamati, linapanda barazani, linatiwa saini, linachapwa katika gazeti rasmi, na siku hiyo ndiyo linakuwa sheria. Mishale yote imenyooka. Mimi katika umri wangu wote wa kazi sikupata kuona kitu kilichonyooka namna ile ndani ya jengo lile, hata meza zake zilikuwa zinayumba.

Nilikuwa katibu wa kamati ya amri. Kazi yangu ni kuandika rasimu na kuisoma mbele ya wajumbe, kisha kuandika walichosema, na mara nyingi kuandika walichopaswa kusema. Kura sikuwa nayo. Kwa miaka mingi nilikuwa mwanamke peke yangu chumbani. Nimezaliwa Unguja, nikaletwa Maskati nikiwa mdogo. Kiarabu ndicho nilichofanyia kazi, Kiswahili ndicho nilichogombea nacho nyumbani, na dharau ninayo kwa lugha zote mbili.

Msidhani sheria za mji ni maneno makubwa ya ukutani. Ni kitabu cha amri kinachosema nyumba ipakwe rangi gani, ukuta uishie wapi, nguo zianikwe upande upi, kiyoyozi kifichwe vipi kisitokeze barabarani. Kila kifungu ndani yake kimeandikwa na mtu aliyekuwa na njaa, au usingizi, au haraka ya kwenda kumchukua mtoto skuli. Mkilijua hilo mtaandika vizuri zaidi.

Aliyenifundisha kazi ni marehemu Ustadh Badr, mkuu wangu wa mwanzo, naye mtu wa Unguja. Alikuwa na tabia moja iliyowachosha wenzake. Rasimu ikikamilika alikuwa haipeleki popote mpaka aende nayo mahali itakapotumika, akaisome pale pale kwa sauti. Mara ya kwanza alinichukua Matrah. Tulikuwa tumeandika kwamba turubai za maduka zisipite kizingiti, mji upendeze. Akanisimamisha katikati ya uchochoro wa sokoni, wapita njia wananigonga mabega, akaniambia nisome. Nilisoma. Jua la adhuhuri likanipata utosini, na kila niliyemwona alikuwa amejibana chini ya turubai tulizotaka kuzikata. Ustadh Badr aliikunja rasimu akaitia mfukoni, tukaenda kunywa sharubati.

Wakubwa walimcheka. Walimwita mzee wa safari. Alipostaafu, tabia ile nayo waliistaafisha, kisha wakaleta mfumo wa mtandaoni, ambao wao huuita maendeleo. Sasa mjumbe anapelekewa rasimu kwenye simu, na chini yake kuna kitufe cha kukubali. Namjua mmoja aliyekubali sheria nzima ya mabango akiwa kwenye taa nyekundu. Taa ilipogeuka kijani, mji ulikuwa na sheria mpya. Zamani faili lilibebwa mkononi na tarishi, likawekwa mezani, na mjumbe alilisoma hata kama hapendi, kwa sababu tarishi alikuwa amesimama pale anamtazama.

Sasa nikuelezeni kisa cha mlango, maana kinakwambieni yote.

Palizuka malalamiko kwamba wenye nyumba kubwa wanazikata vyumba vyumba na kupangisha wafanyakazi, kila chumba na mlango wake wa barabarani. Ni kweli walikuwapo. Akaja mhandisi mshauri kutoka nje, mtu wa suti, na picha zake za miji mingine. Dawa aliyoitoa ilikuwa nyepesi: kila nyumba iwe na mlango mmoja tu wa kutokea barabarani, na ya ziada izibwe. Mwenyekiti wetu wa kamati aliipenda mno. Alikuwa mtu mwenye heshima zake, kilemba kimekaa sawa, fimbo ya mkono, sauti ya taratibu. Alipenda kila kitu kinachoweza kusemwa kwa sentensi moja.

Siku ya kuipitisha nilisoma rasimu, nikafika kwenye kifungu kile, nikasita. Nyumba za kwetu, hata ile ndogo kabisa, zina majlisi, chumba cha kupokelea wageni wa kiume, na majlisi ina mlango wake wa barabarani. Mgeni anaingia kwa huko, anakaa, anakunywa kahawa yake, anatoka kwa huko huko. Mlango mwengine ni wa watu wa ndani. Nyumba ya mhandisi haina kitu hicho. Nyumba za wajumbe wote wa kamati zinacho.

"Sheikh," nilisema, "na mlango wa majlisi nao umo?"

Wajumbe wote waliinamia vikombe vyao kama watu wanaosomewa wasia. Nilijua kwa nini, na hapa ndipo msikilize. Ili ujibu suali langu lazima useme mlango ule upo kwa ajili ya nini, na upo kwa ajili ya mkeo, mama yako, binti zako: wao wapo uani na mgeni asiwaone. Mwanamume wa kwetu hamtaji mkewe mkutanoni. Akibanwa sana atasema "jamaa wa nyumbani", na hapo jasho linamtoka. Mbele ya mhandisi mgeni ndiyo kabisa. Basi wote walijua kifungu kina kasoro, na kila mmoja alimngojea mwenziwe avunje adabu kwanza.

"Endelea kusoma, Bi Zuwena," alisema mwenyekiti.

Nikaendelea. Mikono ikapanda. Kwa kuwaheshimu wanawake wasiwataje, waliwafungia wanawake wa mji mzima mlango unaowasitiri. Nimefanya kazi na wapumbavu wengi wa kawaida, lakini upumbavu wenye adabu nzuri kama ule ndio unaonikera mpaka leo.

Kifungu kikachapwa, wakaguzi wakatumwa. Wale wenye vyumba vya kupangisha, waliokusudiwa, hawakuhangaika. Walibakisha geti moja nje, wakatoboa milango ndani kwa ndani. Mpangaji wao mmoja, msichana wa Kikenya aliyekuwa akifanya kazi hotelini Bustan, aliniambia tofauti aliyoiona yeye ni kwamba sasa asubuhi wanapanga foleni getini. Wajumbe nao mitaa yao haikufikiwa na mkaguzi, sijui kwa nini, na nyinyi msijifanye hamjui.

Aliyefikiwa ni jirani yangu wa zamani kule Ansab, Mzee Khamis, mwalimu mstaafu, mtu wa kutii amri mpaka ile isiyomhusu. Mkaguzi alikuwa kijana mpole. Mzee Khamis alimkaribisha kwa mlango wa majlisi, akamkalisha, akampa halua na kahawa. Kijana alikula, akatikisa kikombe kuonyesha ametosheka, akafungua mkoba, akamkabidhi notisi ya kuuziba mlango aliouingilia. Kisha akatokea kwa mlango ule ule. Mke wa Mzee Khamis, Bi Salma, ambaye ni shoga yangu tangu tungali wasichana, alimwambia mumewe asifanye haraka, angoje waone majirani watafanyaje. Majirani hawakufanya kitu, na milango yao ipo mpaka leo. Mzee Khamis alimleta fundi, mlango ukajengwa matofali, ukapigwa lipu, ukapakwa rangi nyeupe kama amri inavyotaka.

Haukupita muda mrefu Mzee Khamis akafariki. Alisali alfajiri, akalala, hakuamka.

Siku tatu za matanga wanaume walikaa sabla, ukumbi wa mtaa, na wanawake tulikaa nyumbani kwake. Siku hizo zilikwenda. Taabu ilianza baadaye. Bi Salma alikuwa katika eda, miezi minne na siku kumi, na mjane wa kwetu aliye katika eda haonekani na mwanamume wa kando. Na wanaume waliendelea kuja, waliokuwa safarini, waliotoka mikoani, wanafunzi wa marehemu, wote wanataka kumpa mkono Harith, mwanawe mkubwa. Majlisi ipo, mito imepangwa, lakini njia ya kuifikia sasa ni moja: geti la mbele, ukate ua kati kwa kati. Na uani ndipo alipokuwa akikaa Bi Salma na sisi tuliomzunguka, maana nyumba ile ni ndogo na ua ndio wenye hewa na kivuli cha mndimu wake.

Kila hodi ilipopigwa tulitimka. Huyu akidaka kanga, huyu akibeba sinia, wawili tukimwinua Bi Salma, mwanamke mnene mwenye magoti mabovu, tukimkokota ndani. Mgeni akishapita tunamtoa. Hajakaa vizuri, hodi nyengine. Baada ya siku kadhaa alikataa kutoka tena. Akahamia chumba cha nyuma ambacho dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Nilimkuta humo amekaa kitandani, taa inawaka mchana kweupe.

"Mama yangu kakaa eda uani kwake, akinusa ndimu zake," aliniambia. "Mimi nnakaa eda, Zuwena. Sikufungwa jela."

Nilirudi nyumbani nimejaa hasira, na hasira ile niliipeleka ofisini kila siku. Nikaandika pendekezo la kukirekebisha kifungu. Likanirudia. Mwenyekiti alisema kifungu kipya mno, tukikibadilisha sasa itaonekana tulikosea. Kumbukeni sentensi hiyo, mtaisikia mpaka mstaafu. Mji hauogopi kukosea, unaogopa kuonekana.

Kilichomgeuza hakikuwa maneno yangu. Mwenyekiti alikuwa amesoma kwa Mzee Khamis utotoni. Matanga yalimkuta safarini, na aliporudi akaja Ansab kutoa rambirambi. Siku hiyo nilikuwapo. Bi Salma, kwa kubembelezwa sana, alikuwa ametoka kidogo kupunga hewa, na ua umejaa wanawake. Hodi ikapigwa. Harith akaenda getini, akamwomba mgeni angoje kidogo. Tukaanza kutimka kama kawaida, lakini goti la Bi Salma likakataa kuinuka. Tulimvuta, likakataa. Mwenyekiti yuko nje juani, na sisi ndani tunahangaika, na sauti zote zinapita juu ya geti.

Alichoka kusimama. Nilimsikia.

"Mlango wa majlisi uko wapi, mwanangu?"

"Umezibwa, ami."

"Nani kauziba?"

"Nyinyi," alisema Harith.

Hakusema kwa ukali, ni kijana aliyelelewa. Kwa mara ya kwanza kifungu kile kilisomwa mahali pake, na aliyekipitisha, juani, kilemba kinalowa jasho. Nilimkumbuka Ustadh Badr nikatamani angekuwapo. Tulipofanikiwa kumwingiza Bi Salma, mwenyekiti alipita uani ameinamisha uso chini kabisa, akijikwaa kwenye viatu vya wanawake.

Kesho yake aliniita akaniambia pendekezo lile liletwe. Mkutanoni alisema amepata taarifa kutoka kwa wananchi kuhusu mzunguko wa hewa. Hewa! Wajumbe waliitikia kwa vichwa, wakashukuru kwa busara yake, na mmoja alisema yeye tangu mwanzo alikuwa na wasiwasi. Jina la mwanamke halikutajwa hata hapo. Mikono ikapanda ile ile.

Nikadhani tumemaliza. Mimi mwenyewe niliyejua mishale yote, nikadhani hivyo. Nikaenda kumwambia Bi Salma mlango wake unarudi, na kwamba Harith asiuguse kwanza mpaka sheria itoke, maana angeubomoa mapema angeandikiwa kosa jipya. Bi Salma akafurahi, akanitilia chai kwa mkono wake.

Wanasheria walikirudisha kifungu kwa sababu karatasi ya mbele haikueleza haja ya mabadiliko. Nikaeleza. Wakarudisha kwa sababu nimeeleza sana. Kisha likaingia joto, baraza likaenda likizo, wakubwa wakatawanyika Salala na Ulaya. Kila nilipokwenda Ansab nilimkuta Bi Salma chumbani mule, ananiuliza kifungu kimefika wapi. Mwanzo aliuliza kwa matumaini. Baadaye akawa ananidhihaki.

"Bado kimelala?"

"Kiko kwa wa kutia saini."

"Basi kinakaa eda na mimi."

Alicheka, nami nikacheka, lakini nilipotoka nililia garini. Nasema hivyo bila ya haya. Kazi ya umri wangu wote ilikuwa kuandika vifungu, na sikuweza kumpatia shoga yangu mlango mmoja.

Basi nyinyi vijana mkitunga, jifunzeni mambo mawili ambayo hayamo katika mchoro. Kwanza, unapoweka katazo, papo hapo andika nani ataomba ruhusa na ataomba wapi, kwa sababu ukilisahau hilo, mwenye dharura hana pa kwenda ila kungojea mji mzima ugeuke. Pili, kabla hujasoma rasimu yako barazani, nenda ukaisome kwenye nyumba ya mtu, wanawake wawepo. Wao watakwambia. Wenzako watainamia vikombe.

Sheria ilitoka. Niliiona ndani ya gazeti rasmi asubuhi, mistari michache tu: mlango wa pili wa kupokelea wageni unaruhusiwa. Nililikunja gazeti nikaendesha mpaka Ansab. Bi Salma nilimkuta uani, amevaa nguo ya rangi ya zafarani, nywele zimefukizwa, amekaa chini ya mndimu wake. Eda ilikuwa imekwisha wiki iliyotangulia.

Nilimsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akalichukua gazeti akalitandika, akamwaga juu yake ndimu alizokuwa akizichambua.

"Mimi nshatoka, Zuwena. Sasa mlango huo wa nani?"

Harith alitaka kumleta fundi siku ile ile. Mama mtu alikataa. Akasema ukuta ubaki hivyo hivyo, lipu nzuri, rangi imekaa. Nilidhani ni hasira za siku moja zitampoa.

Idi iliyofuata mwenyekiti alikuja kumpa mkono Harith, na mimi nilikuwapo. Alipiga hodi getini. Harith akaja kumuuliza mamake, kama ilivyo desturi, kwamba yupo mgeni, njia ipo? Njia ilikuwapo. Ua ulikuwa mtupu, wanawake wote walikuwa jikoni, na sisi wawili tumekaa ndani, hatuonekani na mtu. Jua la Ansab lilikuwa linachoma.

"Mwambie angoje," alisema Bi Salma.

Harith alinitazama mimi. Nilitazama pembeni. Akatoka kwenda kumwambia, na tukamsikia mwenyekiti akijibu kwa sauti yake ya taratibu kwamba hakuna neno, atangoja, wacha jamaa wa nyumbani wajisitiri. Bi Salma akajimiminia kahawa, akaumega mkate wa ufuta, akaanza kula pole pole.